Alhamisi Gari Lilikuwa Wapi

Siku maegesho ya jengo la maduka yalipoacha tiketi, watu nusura wapigane. Tangu asubuhi madereva walisimama kwenye geti la kuingilia, wakanyoosha mkono dirishani kutafuta kitufe cha kubonyeza na karatasi ya kuchukua, na hawakukuta kitufe wala karatasi. Palikuwa na kamera tu, imefungwa kwenye nguzo fupi, usawa wa taa za gari. Inasoma namba ya gari, mkono wa geti unainuka, unaingia. Ukitaka kutoka unalipa kwa simu au kwenye mashine ya karibu na lifti, kamera inakusoma tena, unakwenda zako. Ndivyo tangazo lilivyosema. Kuhusu matope tangazo halikusema kitu.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Jioni, watu wote walipotaka kwenda nyumbani kwa pamoja, gari dogo la buluu lilifika kwenye geti la kutokea na geti likakaa kimya. Nyuma yake honi zikaanza. Mlango wa gari ukafunguka, akashuka mwanamke mrefu, gauni la kijani limemkaa vizuri kiunoni, koti jeupe la kazi amelikunja mkononi. Alikuwa mpima macho wa duka la ghorofa ya pili, na kwa sababu ya fremu nyekundu aliyovaa kila siku, jengo zima lilimwita Miwani.

Aliyemjia mbio kutoka chumba cha mitambo alikuwa fundi wa mfumo huo mpya. Shati lake la sare lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Walinzi walishampa jina tangu siku ya kwanza: Bwana Geti.

"Nimelipa," Miwani alisema, akimwonyesha simu. "Simu yangu inasema nimelipa. Geti lenu linasema nini?"

"Halisemi kitu, dada. Kamera haikuoni."

"Gari zima hili?"

"Gari inaliona. Inatafuta namba."

Akachuchumaa, akatoa leso nyeupe mfukoni, akafuta matope kwenye namba ya gari taratibu kama anayemfuta mtoto pua. Mkono wa geti ukainuka papo hapo.

"Ilete kamera yako dukani niipime macho," Miwani alisema. "Watoto huwa naanza nao na herufi kubwa. Hiyo yako tutaianzisha na picha."

"Na mimi je? Tangu umeshuka kwenye gari sioni kitu kingine."

"Hilo si la miwani. Kanawe uso."

Akaingia garini akaondoka, lakini alikuwa anacheka, na Bwana Geti alimwona kwenye kioo cha pembeni. Kesho yake alipanda ghorofa ya pili kupimwa macho. Macho hayakuwa na kasoro hata moja, akaambiwa hivyo, akanunua miwani ya jua asiyoihitaji. Kesho kutwa yake akarudi, akadai inambana masikio. Siku zilivyosonga, wakawa wanakula chakula cha mchana pamoja kwenye ngazi za dharura ambako hakuna anayepita, bega kwa bega, na msaidizi wa dukani akazoea kusema kwamba bosi wake yuko kwenye dharura.

Asubuhi, gari la buluu lilipoingia, namba yake ilitokea kwenye skrini ya chumba cha mitambo. Bwana Geti alipiga simu kabla hata Miwani hajazima injini.

"Karibu kazini, laazizi. Leo umechelewa."

"Na wewe umekaa hapo kunihesabia."

"Nakuhesabia nini? Nakungoja tu."

Miwani alicheka, tena aliwasimulia wenzake dukani kama jambo la kuonewa wivu. Mimi nasema ubaya wote ulianzia hapo, pale walipouona mtamu.

Baada ya muda mambo yakawa makubwa. Bwana Geti alimpeleka Miwani kwao, Miwani akampeleka kwao, na ikapangwa kwamba Jumapili moja wazazi wa Bwana Geti wafike nyumbani kwa mama yake Miwani kuzungumza habari za ndoa. Miwani, ambaye alikuwa amekwisha kataa wawili kwa sababu hawakumfanya acheke, alianza kununua vikombe vya wageni.

Kampuni aliyofanyia kazi Bwana Geti ilikuwa na maegesho kwingine pia, ya hospitali na ya hoteli moja kubwa, na yote yalionekana kwenye skrini zake. Kazi hiyo ina sheria yake, na yeye ndiye aliyewafundisha waliomfuata: namba ya mtu haitafutwi mpaka mwenye gari mwenyewe awe na lalamiko. Hutafuti gari la jirani. Hutafuti gari la shemeji. Alhamisi moja, siku ambayo Miwani huwa hafanyi kazi, Bwana Geti alikaa hana la kufanya, akamkumbuka mpenzi wake, na vidole vyake vikaandika ile namba. Hakuwa anamshuku kwa lolote. Alitaka tu kuiona.

Gari lilikuwa hotelini. Akarudi nyuma Alhamisi iliyopita, lilikuwa hotelini. Na iliyotangulia pia. Kamera ya kule imeelekezwa chini, inakata picha kwenye namba na kipande cha bampa, hivyo hakuona uso wa mtu. Aliona alichotaka kuogopa. Akachukua simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nyumbani. Nafua."

"Na gari?"

"Lipo uani. Kwa nini?"

"Basi tu. Nauliza."

Miwani aliweka simu juu ya kitanda akabaki ameishika shuka iliyolowa. Kweli alikuwa nyumbani, kweli alikuwa anafua, lakini la gari alikuwa amedanganya, na hakuwahi kumdanganya kabla. Kuna mtu ambaye yeye alikuwa amempa ahadi ya kufunga mdomo, na mtu huyo hakuwa wa kuvunjiwa ahadi. Alijiambia kwamba Jumapili ikipita atamweleza, watacheka wote.

Bwana Geti hakulala vizuri. Angeweza kwenda kwao, si mbali. Angeweza kuuliza. Badala yake Ijumaa asubuhi alifika kazini amevimba, akafungua mfumo, na mbele ya namba ya gari la mpenzi wake akaweka alama nyekundu wanayowawekea wezi na wanaotoroka bila kulipa. Kwa nini watu wazima hufanya mambo haya, mimi sijui, na waliowahi kuyafanya nimewauliza, hawajui.

Jioni gari la buluu likafika kwenye geti la kutokea. Kibao kidogo cha taa kikaandika: MUONE MHUDUMU. Miwani akafikiri ni matope tena, akatabasamu, akashusha kioo kumngoja mwenye leso. Bwana Geti akaja bila leso.

"Jana gari lako lilikuwa hotelini mchana kutwa," alisema, wala hakupunguza sauti. "Ulikuwa na nani?"

Foleni ilikuwa imeshajipanga mpaka kwenye kona ya chini. Mama mlinzi wa pale getini akajifanya anapanga koni za plastiki. Miwani kwanza aliona aibu, kwa sababu ya ule uongo wake mdogo. Kisha akili ikamkaa sawa.

"Umejuaje?"

Akainua kidole akaonyesha kamera, na kwenye kile kidole palikuwa na majivuno. "Mfumo haudanganyi."

"Umenifungia geti?"

"Nijibu kwanza."

"Mbele ya watu wote hawa umenifungia geti, kama mwizi, ili nikujibu."

"Kama huna la kuficha, jibu."

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, sentensi moja tu. Angeisema, mkono ungeinuka, angekwenda nyumbani, Jumapili wageni wangekuja. Alimtazama yule mwanamume aliyempenda, na damu ikamchemka mpaka masikio yakawa ya moto. Akaona maisha yake yote yajayo: atakuwa anasimama kwenye mageti, anajibu, anafunguliwa. Akaimeza ile sentensi.

Akazima injini. Akavuta breki ya mkono, akachukua mkoba na koti lake jeupe, akashuka, akafunga mlango, akatumbukiza ufunguo mkobani.

"Jumapili wazazi wako wasije," alisema. "Na gari hilo, muulize mwenyewe lilikuwa na nani. Si unasoma magari."

Akapita pembeni ya geti kwa miguu, viatu vyake virefu vikigonga sakafu ya saruji, na honi zote zile hazikumfanya ageuke.

Hiyo ndiyo njia pekee ya kutokea katika jengo lile. Bwana Geti akaunyanyua mkono wa geti kwa swichi, lakini gari lilikuwa limekaa katikati, limefungwa, halisukumiki. Kamera iliendelea kuisoma namba yake, safi kabisa, haina tope hata chembe. Mwanamke mmoja alishuka na mtoto begani akauliza kama wanataka wahamie humo. Mzee mmoja akamwita mjinga, na sioni alipokosea. Meneja akaja mwenyewe, tai imehamia begani, akaamuru magari yatolewe kwa geti la kuingilia, moja moja, kwa mkono. Kwa hiyo mfumo ukaamini kwamba magari yaliyotoka bado yamo ndani, na yale ya wateja yaliyokuwa nje yakaambiwa maegesho yamejaa ilhali ndani pamebaki patupu. Bwana Geti alisimama katikati akipuliza filimbi, shati lenye mikunjo limeshikana na mgongo, na moyoni bado aliamini kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Alipiga simu usiku ule, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Kwao, Miwani alikuwa anarudisha vile vikombe vya wageni kwenye boksi, kwa kuvibamiza, kimoja kikavunjika mpini. Alikuwa analia, lakini si kwa huzuni, ni hasira zilizokosa pa kutokea. Mama yake akatoka chumbani akauliza gari liko wapi. Miwani akamweleza yote tangu mwanzo. Mama akasikiliza amesimama. Akaenda kabatini kutafuta ufunguo wa akiba.

Jumamosi asubuhi mlango wa chumba cha mitambo ukafunguliwa bila hodi. Mama alikuwa mwalimu mkuu kabla hajastaafu, mwanamke mnene mwenye gauni la maua na ndala za mpira, na mkobani mwake taulo lilikuwa limechungulia. Bwana Geti alisimama haraka mpaka kiti kikarudi nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemtafuta mwanamume wa hotelini?"

Akasogea mpaka mezani.

"Basi usihangaike. Mwanamume mwenyewe ni mimi."

Akafungua mkoba. Juu ya meza ya skrini, katikati ya nyaya na kikombe cha chai, akaweka nguo ya kuogelea, pana, nyeusi, bado inanuka dawa ya bwawa, na juu yake kofia ya mpira ya rangi ya waridi.

"Daktari aliniambia magoti yangu yanataka maji," alisema. "Kwa umri huu na mwili huu nikaanza kujifunza kuogelea, na watoto wa shule, naelea na boya. Wifi zangu wakisikia watanicheka mpaka wanizike. Nikamwambia mwanangu asimwambie mtu, hata wewe. Hasa wewe, maana ungekuwa mkwe. Akaahidi. Kila Alhamisi anabaki nyumbani anafua, mimi nachukua gari lake."

Bwana Geti alitamani sakafu ipasuke. "Mama, nisamehe. Ningejua..."

"Usiniambie ungejua. Simu ulikuwa nayo. Mdomo ulikuwa nao. Kwetu unapajua, chai yetu umekunywa." Akaikunja nguo yake, akairudisha mkobani. "Sikuja kukusamehe mimi. Nimekuja kuchukua gari."

Alishuka, akalifungua gari, akakaa nyuma ya usukani. Kibao kikaandika MUONE MHUDUMU. Alama nyekundu ilikuwa bado ipo, na Bwana Geti ilimbidi arudi juu mbio kuiondoa, huku mama akimngoja, hakupiga honi hata mara moja.

Kutoka hapo Bwana Geti alipanda ngazi mbili mbili mpaka dukani. Miwani alikuwa anampima mteja, mzee aliyefunikwa jicho moja. Alimwona mlangoni akaendelea na kazi yake, akambadilishia mzee kioo, akamuuliza hiki na kile kipi bora. Alipomaliza akatoka nje kwenye korido, mikono ameikunja.

Bwana Geti akasema yote ambayo watu husema. Kwamba amekosa, kwamba mapenzi yalimtia kiwewe, kwamba ameonana na mama na sasa anajua hakukuwa na mwanamume yeyote.

"Ona unachojutia," Miwani alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na ilitisha zaidi hivyo. "Unajuta kwa sababu umekuta ni mama. Ungekuta ni mwanamume, ungejuta kunichungulia?"

Akafungua mdomo.

"Ungejisifu," Miwani alisema. "Ungewaambia rafiki zako kwamba kamera zako zimekuokoa. Nenda kazini."

Akarudi ndani. Bwana Geti alibaki kwenye ile korido akijiuliza, na kadiri alivyojiuliza ndivyo alivyoona kwamba ni kweli, angejisifu. Huo ndio wakati aliposhikwa na hasira ya haki kwa mara ya kwanza, na ilikuwa ni juu yake mwenyewe.

Meneja alikuwa ameshaamua kwamba balaa la Ijumaa ni hitilafu ya mfumo, na alikuwa anatafuta wa kumlaumu katika kampuni iliyouleta. Bwana Geti akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, akamwambia hapakuwa na hitilafu. Akaeleza namba ya nani aliitafuta, na kwa nini, na ile alama nyekundu ameiweka nani. Meneja alimpigia kelele mpaka walinzi wakasikia chini. Hakumfukuza, alimtoa kwenye skrini. Akampa kizibao cha kung'aa na filimbi, akampeleka getini kusimama juani na kuwafafanulia wateja kwamba hakuna tiketi. Kiti chake alikaa mmoja wa wale aliowafundisha sheria.

Kila jioni gari la buluu lilipita mbele yake. Kamera inasoma, mkono unainuka, vioo viko juu, miwani nyekundu inatazama mbele. Hata jicho hakumtupia. Mama mlinzi alimtania kwamba sasa kweli anastahili jina lake, amekuwa geti lenyewe, anatazama tu watu wakipita. Alicheka shingo upande. Simu hakupiga tena, wala hakupanda ghorofa ya pili. Namsifu Miwani kwa kumpitia vile, na yeye namsifu kidogo kwa kutomfuata.

Mvua zikarudi. Jioni moja, foleni imeshonana, gari la buluu likafika getini likiwa limepakwa matope mpaka madirishani, na mkono wa geti haukutikisika. Bwana Geti akalisogelea. Akachuchumaa kwenye maji, akatoa leso, akafuta namba yote mpaka pembeni kwenye skrubu. Mkono ukainuka.

Gari halikuondoka.

Honi ya kwanza ikalia nyuma, ikafuatwa na ya pili. Kioo cha dereva kikashuka. Miwani alikuwa amekonda kidogo, na nywele zake, ambazo siku zote huzibana vizuri, zilikuwa zimelowa kama aliyetoka kuoga.

"Niulize," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Unakijua. Niulize kwa mdomo wako, nione unavyouliza."

Bwana Geti alisimama na leso yake ya matope. Nyuma mtu alimtukana, akamsikia, akamwacha. Lile swali alilokuwa amelipayuka siku ile mbele za watu sasa lilikuwa zito kulitamka.

"Alhamisi unakuwa wapi?"

"Naenda na mama. Leo pia tulikwenda, tumekubaliana tuongeze siku; ndiko nilikotoka, nimerudi kufunga duka tu." Akaondoa unywele shavuni. "Yeye anavuka bwawa zima. Mimi bado nashika ukingo, naogopa."

"Naomba nikuulize lingine."

"Uliza."

"Naweza kuja?"

Miwani alimtazama muda mrefu kupita kiasi, ukizingatia foleni ile. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hujui," Miwani alisema, akaingiza gia. "Ndiyo maana utakuja Alhamisi, kwa miguu, ukae kando ya maji, unyamaze. Nitakuambia mimi."